Mapipa ya Vifuniko vya Kijani

Kiwanja cha Ndege cha Lerai,
Naivasha.
Jumapili, 12 Oktoba 2008

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii itakukuta umekaa nje ya jikoni, kofia imefunika macho, ukijifanya unasikiliza redio kumbe umelala. Mwambie Mama asikuonee. Mtu aliyeamka na pundamilia kwa miaka ishirini na minne ana haki ya kulala mchana. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Kabazi? Na viazi, vimepona ule ugonjwa wa majani? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Upepo wa ziwani bado unaanza saa nane kamili, na ile soksi ya upepo imetoboka tena. Fundi Balbir ameishona kwa uzi wa gunia na sasa inaning'inia kama soksi ya mlevi, lakini inafanya kazi.

Najua unajiuliza kwa nini barua na simu iko. Wiki hii nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kuongea juu ya viazi. Wewe nawe ukiona maneno yanaelekea pabaya huwa unasema mtandao unapotea. Karatasi haina mtandao, Baba. Isome yote ndipo ukasirike. Muiruri ndiye anayekuletea, na nimemwambia asiondoke hapo mpaka umalize, kwa hiyo mpe chai na kiti.

Nianze na habari za kazi, maana najua ndizo unazozitamani. Tulikuwa saba, na tangu Januari tumebaki watatu. Wenzetu wanne waliondoka wiki ile mbaya ya vurugu za uchaguzi, kila mmoja akikimbilia kwao, na hakuna aliyerudi. Micah alinitumia ujumbe mwezi wa Aprili kusema yuko salama Kericho. Nililia nilipousoma. Basi tumebaki Muiruri wa nyasi na lango, Balbir wa injini, na mimi wa ofisi, redio, mafuta, vyoo na mengineyo. Asubuhi bado napanda baiskeli yako kufukuza pundamilia kwenye njia ya ndege. Breki ya nyuma ilikufa zamani, kwa hiyo pundamilia wananiheshimu kuliko ulivyotaka.

Mwezi huo wa Januari ndege zilikuwa zinatua moja baada ya nyingine, zingine zikileta unga na mablanketi, zingine zikichukua watu. Mapipa ya mafuta yalipangwa juani ovyo, mengine yakivuja, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuangalia. Mambo yalipotulia, mwezi wa Machi, nilitembea kiwanja kizima kwa miguu. Baba, nilikiona kama mgeni. Kando ya pampu ardhi ilikuwa nyeusi na haioti hata magugu. Kwenye lundo letu la taka walikuwa wamejaa makorongo wakubwa wale wa shingo tupu, na wiki hiyohiyo mmoja wao aligongwa na ndege iliyokuwa ikipaa. Rubani alirudi salama na kioo kimepasuka, akanitukana kwa lugha tatu. Alikuwa na haki.

Nikaamua. Unanijua nikiamua. Nilikwenda kwa Bwana Ketan kule Nakuru, dukani kwao, nikamwambia kiwanja cha marehemu baba yake kinanuka. Akaniuliza nataka wafanyakazi wangapi. Nikasema hata mmoja, nataka saruji, mapipa mawili yenye vifuniko, na ruhusa ya kusumbua watu. Alicheka akanipa vyote vitatu.

Nikaanza na marubani. Unakumbuka ulivyonifundisha: kabla ya kuruka, rubani huchota mafuta kidogo chini ya tangi, anayainua kwenye mwanga kuona kama kuna maji yamekaa chini, kisha anayamwaga. Pwaa, chini. Kila ndege, kila siku, mahali palepale, tangu kabla sijazaliwa. Ni glasi moja tu, ndivyo wanavyosema wote. Nikaweka debe lenye faneli na kuandika juu yake MWAGA HAPA. Hakuna aliyemwaga hapo. Mmoja akaniambia, "Madam, hapa si kiwanja kikubwa cha Embakasi, tuachie." Basi nikachukua kitabu cha kutua nikakiweka juu ya debe. Asiyemwaga mafuta yake ndani hapati sahihi yangu wala muhuri, na bila muhuri ofisi yake haimlipi safari. Walinung'unika wiki mbili. Sasa wakishuka tu wananiuliza, "Debe liko wapi, mathe?" Mathe, eti mama yao, Baba! Nina miaka thelathini na miwili.

Balbir ndiye aliyekuwa mgumu. Aliniambia, "Wangui, mimi namwaga oili hapa tangu wewe uko shule ya msingi, na nyasi bado inaota." Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya stoo, nikamwomba anionyeshe hiyo nyasi. Alisimama pale akikuna ndevu kwa muda mrefu. Kesho yake nilimkuta amekata pipa katikati kwa urefu, ametengeneza beseni mbili za kuweka chini ya injini, na amezipaka rangi. Tangu siku hiyo amekuwa mkali kuliko mimi. Juzi alimfokea rubani mzima kwa tone moja, akaleta unga wa mbao akalifuta mbele yake.

Muiruri naye hachomi nyasi tena. Anaikata, anaiacha kimo cha goti, kwa sababu ikiwa fupi mno ndege wa porini wanakuja kudonoa na ikiwa ndefu mno swala wanalala humo. Mabaki ya chakula yanakwenda kwa nguruwe wake, na makorongo wamehamia kwingine kutafuta wapumbavu wengine. Kila asubuhi tunatumia nusu saa kuzunguka, sisi watatu, tukiangalia pampu, mabeseni na mtaro. Nusu saa tu. Kumbe haikuhitaji watu saba.

Sasa shika kiti. Mwezi wa Juni tulifukua lile shimo lako la oili nyuma ya stoo. Najua ulivyolipenda, ulivyokuwa ukichota humo kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa na kumwagia barabara isitoe vumbi. Nguzo zako bado zimesimama, nakubali. Lakini udongo ulikuwa mweusi hadi kimo changu, Baba, na tulipofika chini maji yalianza kuchuruzika yakiwa na rangi za upinde wa mvua. Tulijaza mapipa kumi na tisa ya udongo huo. Likaja lori kutoka Nairobi, la watu wanaochoma taka za mafuta, likayachukua.

Mwezi wa Agosti akaja afisa wa mazingira kutoka Nakuru, Madam Chepkurui, kukagua ili tupewe upya leseni ya kuweka mafuta. Bila leseni hiyo kiwanja kinafungwa, na sisi watatu tunarudi nyumbani. Ni mdogo kwangu, mwenye gambuti na macho yasiyokosa kitu. Alinusa mabeseni, akapanda juu ya stoo, akahesabu vifuniko. Alisema ameona viwanja vyenye watu arobaini ambavyo havifanyi nusu ya tunayoyafanya. Kisha akakaa mezani pangu na fomu yake, akauliza swali baada ya swali, mimi nikajibu nikatia sahihi. Ukutani nyuma yangu kuna ule ubao wenye jina lako na miaka yako ishirini na minne bila ajali. Aliusoma, akaniuliza kama ni baba yangu. Nikasema ndiye. Akasema, basi kazi nzuri iko kwenye damu. Nilikupigia siku hiyo kukuambia tumepita ukaguzi, unakumbuka, na ukaimba kwenye simu.

Ngoja nikueleze majirani. Ng'ambo ya ua wa mashariki, pale palipokuwa na malisho, kuna familia sitini waliokimbia makwao Januari. Walijiunga kikundi wakanunua vipande vidogo, wakajenga vibanda vya mabati na turubai. Mwenyekiti wao ni mama anayeitwa Cate, mjane, mwenye sauti ya upole na maamuzi ya jemadari. Hawana maji. Wanawake wanatembea hadi ziwani na mitungi mgongoni, na maji yenyewe ya ziwa yanawaharisha watoto. Bwana Ketan, kwa roho safi kabisa, aliwapa kipande kilicho upande wetu wa ua ili wachimbe kisima. Cate aliuliza kama ardhi ya kiwanja cha ndege ni salama. Ketan akamwonyesha nakala ya ile fomu ya afisa. Cate akaisoma hadi mwisho, akaona sahihi yangu, akasema kama Wangui ndiye aliyeandika, tuchimbe.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kuona walipopiga vigingi. Wanawake walikuwa wakisafisha mahali kwa jembe, wakiimba. Cate alikuja kwangu akifurahi, amebeba kitu alichokichimbua, kifuniko kikubwa cha chuma, kimeoza pembeni lakini katikati bado rangi inaonekana. Alikuwa amekisugua kwa majivu. Alisema Mungu ameanza kuwapa hata kabla ya maji, maana kinatosha sawasawa kufunika mtungi wake wa kunywa.

Kilikuwa cha kijani, Baba.

Nilikinyakua mkononi mwake. Nilikinyakua vibaya, hata akashtuka, na wanawake wakaacha kuimba. Nikasema ni kichafu, nikamwambia anawe mikono kwa sabuni, mara tatu, nikaenda nacho ofisini, nikakifunga kwenye gazeti. Kisha nilikaa sakafuni.

Nilikuwa na miaka tisa. Shule ilikuwa imefungwa, na Mama alinituma nikuletee githeri kwenye mkebe. Sikukukuta ofisini nikafuata sauti za majembe. Nilikuona umezama ardhini hadi mabegani, wewe na wanaume wawili, na pembeni mapipa yamelala mengi, yale ya dawa ya kunyunyizia ngano, yenye vifuniko vya kijani. Ulitoka kwenye shimo ukaniinulia mkono. Maishani mwangu ndiyo mara moja tu uliponinyooshea mkono. Hukunipiga, lakini nilikimbia hadi nyumbani na githeri yangu. Jioni ulioga bombani mara tatu kabla ya kuingia ndani, na zile nguo ulizichoma. Nilimsikia Mama akikuuliza kwa nini usingelileta angalau moja tuwekee maji ya mvua kama yale mengine. Ukamjibu kwamba hayo hata kuku asiyakanyage.

Sasa nikuambie nililokuwa nazunguka kulisema tangu ukurasa wa kwanza. Swali la mwisho la Madam Chepkurui lilikuwa kama kuna sumu au taka yoyote iliyofukiwa ndani ya kiwanja au kando yake. Nilikumbuka papo hapo. Usifikiri nilisahau. Nilikuona kwenye shimo lile kama ninavyoiona kalamu hii. Nikageuka nikaona ubao wako, na yeye amekwisha kukusifu, na nikawaza gari la serikali likipanda Kabazi kukutafuta wewe, mzee mgonjwa wa kifua. Nikawaza leseni pia, na sifa, maana nilizipenda sana sifa zile. Nikaandika "Hakuna". Nikatia sahihi na muhuri. Mimi niliyewanyima marubani muhuri kwa sababu ya glasi moja ya mafuta.

Huo ndio uongo wangu, na ni wangu peke yangu. Wewe hukunituma.

Ijumaa Bwana Ketan alikuja kiwanjani, nikamwambia. Nilimwekea kifuniko mezani. Alikitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa shuleni wakati huo lakini alijua marehemu baba yake ndiye aliyetoa amri. Akaniomba tungoje leseni itoke mwisho wa mwezi, kisha tuwaambie akina mama chini kuna mwamba, wahamishe kisima. Nilimwangalia nikajiona. Tulikuwa tumekaa pale watu wazima wawili, kila mmoja anamlinda baba yake, na nje wanawake wanapita na mitungi. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia hata huo mwamba wakiuamini, watachimba hatua ishirini mbele, na nani anajua shimo linafika wapi? Akasema leseni ikinyimwa atafunga, na hataweza kutulipa. Nikasema najua. Alichukua funguo za gari akaondoka bila kunywa chai yake.

Balbir na Muiruri niliwaambia pamoja, maana ni kazi zao pia nilizoziweka rehani. Muiruri aliuliza tu aende Kabazi siku gani kukuchukua. Balbir alitafuta chuma kirefu akaanza kuchomachoma ardhi kule upande wa vigingi. Yeye alikuja kazini mwaka uliofuata, hakuwahi kuambiwa. Jana walichoma chuma siku nzima. Ua umehamishwa mara mbili tangu wakati ule, na ule mgunga mkubwa uliokuwa karibu ulianguka mwaka wa mvua ya El Nino, hata kisiki hakipo. Wale wenzako wawili wote wametangulia mbele za haki. Kifuniko kimoja si shimo, huenda trekta lilikiburuta hapo. Hatujui kama mapipa yako chini ya vigingi, au kando, au mbali kabisa.

Jana jioni nilikwenda kwa Cate. Nilimwambia yote, mbele ya wanawake wake, na sahihi yangu pia. Nilitegemea anifukuze. Mmoja wao alitema mate chini, na sikumlaumu. Cate alikunja ile nakala ya fomu vipande vinne, akaniuliza swali moja tu: "Sasa tuchimbe wapi?"

Duniani amebaki mtu mmoja mwenye jibu la swali hilo, na amekaa nje ya jikoni Kabazi na barua hii mkononi.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nakwenda Nakuru, kwenye ofisi ya Madam Chepkurui, na kifuniko changu kwenye gazeti. Nitamwomba fomu ile niandike upya. Sikuombi ruhusa, Baba, naomba unisamehe kwa hilo. Utakapokuwa unasoma hapa, nitakuwa nimekwisha kuandika. Jina lako sitaliandika. Nitaandika kwamba yuko mtu anayejua mahali, na kwamba nimemwomba aje. Ukija, utasema mwenyewe wewe ni nani. Usipokuja nitawalisha vumbi Balbir na Muiruri na vyuma vyao mpaka tuyapate, hata kama ni mwaka mzima, lakini wachimbaji wa kisima kutoka Subukia wanafika Alhamisi, na wale akina mama hawawezi kungoja mwaka.

Nimefikiri sana kwa nini uliyazika. Nilipokuwa na hasira niliwaza ulikuwa unaficha. Kisha nikakumbuka jibu ulilompa Mama. Mapipa yale mengine yote watu waliyachukua nyumbani kwao, kila boma hapa lilikuwa na pipa la kiwanja chini ya mchirizi wa mabati. Haya ungeyaacha juu, yangechukuliwa usiku mmoja. Uliyafukia ili mtu asinywe maji ndani yake. Ulifanya ulichojua. Sasa watu wako karibu kunywa, na kazi uliyoianza haijaisha. Njoo tuimalize pamoja. Sitaki uchimbe, sitaki hata ushike jembe. Simama tu, unyooshe mkono, useme ni hapa.

Muiruri ana nauli yako, na mtapumzika njiani kifua kikikubana. Nitakungoja langoni Jumanne kuanzia saa sita. Ubao wako bado uko ukutani. Sijaugusa, na nataka mtu akiuliza tena kama huyo ni baba yangu, nijibu bila kuangalia chini.

Msalimie sana Mama, umwambie nimepata vile vikapu na asinitumie tena mahindi, nimenenepa. Wasalimie majirani wote, hata yule mnayegombana naye juu ya mpaka. Balbir anakusalimu na anasema ukija ataku­pikia chapati mwenyewe, kwa hiyo jiandae.

Ni mimi binti yako anayekupenda,

Wangui.

Nilikuwa nimekwisha kuifunga, nimeifungua tena. Cate amepita hapa sasa hivi akitoka kanisani. Ameng'oa vigingi vyote na kuvifunga kwa kamba. Ameniambia nikupe salamu, na kwamba anakuwekea kiti kivulini, na vigingi viko tayari kwa mkono wako.